Iliad au Odyssey: uanze na upi kama unachotafuta ni uaminifu na ukarimu

Ukiuliza kati ya tenzi hizi mbili za Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, uanze na upi, wengi watakujibu haraka haraka tu, Iliad ni vita, Odyssey ni safari, chagua mwenyewe. Jibu hilo kwangu halitoshi kabisa, kwasababu tenzi zote mbili zinabeba maswali yaleyale mawili, unampokeaje mtu usiyemjua akitokea mlangoni kwako, na utabaki na mtu wako mpaka wapi mambo yakiharibika. Ila kila mmoja unauliza kivyake, tena tofauti sana, na ukianza na ule usiokufaa unaweza kuishia kitabu cha 2 ukaacha (kitabu cha 2 cha Iliad kina orodha ndefu mno ya meli na makamanda, hapo ndo wengi wanazama).

Tumalize mambo ya juu juu kwanza. Zote mbili zimegawanywa vitabu 24, na hivyo "vitabu" ni kama sura ndefu tu. Iliad ina mistari zaidi ya 15,000, Odyssey zaidi ya 12,000. Wataalamu wengi wanaziweka karne ya 8 KK, na zilikuwa zinaimbwa mbele za watu. Miaka ya 1930 Mmarekani mmoja, Milman Parry, alienda Yugoslavia kurekodi waimbaji waliokuwa wanatunga tenzi ndefu papo hapo bila karatasi, na kazi yake ndo ilitufanya tuelewe kwanini Homer anarudia rudia maneno, Achilles mwenye mbio, alfajiri yenye vidole vya waridi, hivyo ni vyombo vya kazi vya mwimbaji. Mtu aliyezoea kusikia utenzi ukighaniwa hili halitamsumbua. Lakini shika hapo kwenye kurudia, maana mgeni akifika kwenye Odyssey mistari inajirudia ileile, mjakazi anamimina maji ya kunawa kutoka jagi la dhahabu juu ya beseni la fedha, meza inasogezwa, mtunza stoo analeta mkate. Hadi ukifika katikati ya utenzi umeshaikariri sheria bila mtu kukufundisha.

Sheria yenyewe Wagiriki waliiita xenia na mlinzi wake ni Zeus mwenyewe, mfalme wa miungu. Mgeni akija unamtoa mlangoni, unamkalisha, ananawa, anakula, halafu ndo unauliza wewe nani na unatoka wapi. Akilala unamtandikia, akiondoka unampa zawadi, na kuanzia siku hiyo nyumba zenu mbili zina deni la kheri hadi kwa wajukuu. Na mgeni naye ana yake, asiibe, asimdhuru mwenyeji, asiguse mke wa mtu. Vita nzima ya Troy imetokana na mgeni aliyevunja hiyo sehemu ya mwisho, Paris, mwana wa mfalme wa Troy, alipokelewa Sparta nyumbani kwa mfalme Menelaus akaondoka na mkewe Helen pamoja na mali.

Sasa Odyssey. Huu utenzi ni kama mtihani mmoja mrefu wa ukarimu, kila mlango anaofika Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca anayerudi kutoka vitani, au mwanae Telemachus ni swali jipya na kila mwenyeji anapata maksi zake. Kitabu cha 1 tu, Telemachus yuko hovyo, baba hajaonekana miaka 20, nyumba imejaa wanaume wanaotaka kumwoa mama yake na wanakula mifugo yao kila siku, lakini akimwona mgeni kasimama mlangoni anaona aibu kwamba kamsubirisha, anaenda mwenyewe, anampokea mkuki wake, anamlisha kwanza. Hajui kama huyo ni mungu Athena kajibadilisha. Kitabu cha 4 kijana anafika kwa Menelaus, mtumishi mmoja anauliza hawa wageni tuwapokee au tuwaelekeze kwa mtu mwingine, na Menelaus anakasirika kweli, anamwambia mimi na wewe tumefika hapa kwa kula vya watu wengine njiani, fungua hao farasi. Na baadae kitabu cha 15 huyohuyo Menelaus anasema kitu ambacho kila mwenyeji angekisikia vizuri, kwamba kumharakisha mgeni ambaye hajataka kuondoka na kumng'ang'ania anayetaka kuondoka ni kosa lilelile.

Halafu unapewa upande wa pili ili ulinganishe. Polyphemus, lile jitu la jicho moja, linaanza na swali, nyie kina nani, kabla hata ya kutoa tone la maji, yaani Homer anakuonyesha limepindua utaratibu tangu sentensi ya kwanza. Linasema halimjali Zeus, linakula watu sita wa Odysseus wawili wawili, na zawadi linayomuahidi mgeni wake ni kwamba atamla wa mwisho. Ila nataka utambue kitu ambacho wengi wanapita haraka, Odysseus aliingia pangoni mwenyeji hayupo, akawasha moto, akala jibini ya mtu, na wenzake walimwomba waondoke yeye akakataa kwasababu alitaka aone kama atapewa zawadi. Homer hafichi kwamba mgeni naye anaweza kukosea, na gharama walilipa wenzake.

Kwa waposaji wa Ithaca hali ni mbaya zaidi kuliko kwa jitu kwa maoni yangu, kwasababu wao ni watoto wa watu wazuri na sheria wanaijua. Telemachus anawahesabu kitabu cha 16, wanafika 108. Odysseus anarudi amevaa kama ombaomba nyumbani kwake mwenyewe, Antinous anamrushia kigoda, Ctesippus anamrushia kwato la ng'ombe na kuliita zawadi ya mgeni. Eurymachus anamwambia akamfanyie kazi ya kibarua shambani huku akimcheka kwamba ni mvivu. Sisi tuna ule usemi wetu wa siku ya tatu mpe jembe, lakini jembe letu ni la kumfanya mgeni awe mmoja wa nyumba, Eurymachus alilitumia kumdhalilisha mtu mwenye njaa, tena kwenye nyumba isiyo yake!

Na ukitaka kujua ukarimu uko wapi hasa kwenye Odyssey nenda kitabu cha 14. Eumaeus, mtumwa anayechunga nguruwe, anamwokoa huyo ombaomba na mbwa, anamtandikia majani na ngozi ya mbuzi aliyokuwa analalia mwenyewe, anachinja nguruwe wadogo wawili, na anasema wageni na ombaomba wote wanatoka kwa Zeus, tunachotoa ni kidogo lakini ni cha upendo. Maneno hayohayo yalishasemwa kitabu cha 6 na Nausicaa, binti mfalme, alipomkuta Odysseus uchi ufukweni wasichana wenzake wote wamekimbia. Binti mfalme na mtumwa wanasema mstari uleule. Nilipoliona hilo nilifunga kitabu nikakaa kidogo, maana hapo Homer kaweka mizani yake wazi, ukarimu haupimwi kwa ukubwa wa nyumba.

Uaminifu kwenye Odyssey unapimwa na muda. Penelope, mke wa Odysseus, anafuma sanda ya baba mkwe mchana na kuifumua usiku, miaka mitatu anawapiga chenga waposaji mpaka wajakazi wanamsaliti mwaka wa nne. Mbwa Argos anasubiri miaka 20, amelala kwenye rundo la samadi, anamtambua bwana wake, anatikisa mkia na kufa pale pale, na Odysseus anafuta chozi kisiri maana akilia ataonekana. Eurycleia aliyemlea anamtambua kwa kovu la mguuni akimwosha miguu, na kumwosha mgeni miguu ni sehemu ya ukarimu, kwahiyo ni ule utaratibu wa kupokea mgeni ndo unafichua nani ni nani. Penelope mwenyewe hadanganyiki kirahisi, anamtega mumewe kwa habari ya kitanda kilichochongwa kwenye shina la mzeituni lenye mizizi bado ardhini, kitanda kisichohamishika, na siri hiyo wanaijua wao wawili na mjakazi mmoja tu.

Lakini siwezi kukusifia huu utenzi nikaficha upande wake mchungu. Odysseus alikaa kwa Circe mwaka mzima na kwa Calypso miaka saba, wote wawili miungu wa kike, ingawa kwa Calypso mwishoni alikuwa analia kila siku ufukweni na alikataa kupewa maisha ya milele ili arudi kwa mkewe. Hakuna anayemuuliza. Wajakazi 12 waliolala na waposaji wananyongwa wote, na hao walikuwa watumwa, uwezo wao wa kusema hapana ulikuwa kiasi gani? Amphinomus, mposaji aliyempa ombaomba mkate na maneno mazuri, anakufa na wengine. Uaminifu pale una bei tofauti kwa mwanaume na kwa mwanamke, kwa bwana na kwa mtumwa, na msomaji inabidi alione hilo na limuume.

Ukihamia Iliad unakuta dunia ambayo milango imeshavunjwa. Ni mwaka wa 10 wa vita na utenzi unabeba wiki chache tu za mwaka huo, watu wanaishi kwenye vibanda pembeni ya meli, hakuna nyumba ya maana upande wa Wagiriki. Ukarimu unatokea vipande vipande katikati ya damu, na ndo maana ukitokea unakugonga. Kitabu cha 6 kuna mtu anaitwa Axylus, kapewa mistari michache tu, aliishi Arisbe kando ya barabara na alikaribisha kila mpita njia. Diomedes, shujaa wa Wagiriki, anamuua, na Homer anaongeza kwamba kati ya wote aliowalisha hakuna hata mmoja aliyekuja kusimama mbele yake siku ile. Mistari hiyo inaumiza kuliko mapigano mengi marefu.

Halafu kitabu hichohicho, Diomedes huyohuyo ambaye mkuki wake bado una damu anakutana na Glaucus wa upande wa Troy, wanaulizana ukoo kabla ya kupigana, na kumbe babu wa Diomedes aliwahi kumkaribisha babu wa Glaucus siku 20 wakapeana mkanda na kikombe cha dhahabu. Basi! Diomedes anachomeka mkuki chini, wanashikana mikono, wanakubaliana watakwepana vitani, wanabadilishana deraya pale pale, dhahabu kwa shaba, thamani ya ng'ombe 100 kwa ng'ombe 9. Chakula walichokula mababu zao kimezuia mauaji ya leo. Odyssey haina kitu kama hiki, kwasababu kule ukarimu unajaribiwa na uvivu na ulafi, huku unajaribiwa na vita yenyewe.

Na kuna pale unaposhindwa. Kitabu cha 21 Lycaon, mtoto wa Priam mfalme wa Troy, anapiga magoti mbele ya Achilles, shujaa mkubwa wa Wagiriki, na kumkumbusha kwamba siku ile uliyonikamata mara ya kwanza nilikula mkate kwako, mimi ni kama mgeni wako. Achilles anamwita rafiki na kumwambia afe tu, rafiki yake Patroclus amekufa na alikuwa bora kuliko Lycaon, kisha anamuua. Huo ndo uaminifu wa Iliad, haupimwi na muda, unapimwa na kifo, na unachoma hadi wasiohusika. Mama yake Achilles, Thetis, alishamwambia wazi kwamba akimuua Hector, mwana wa Priam aliyemuua Patroclus, na yeye kifo chake kitafuata mara moja, na akaenda. Alimuua Hector, akamburuta nyuma ya gari la farasi, akachinja vijana 12 wa Troy kwenye moto wa maziko ya rafiki yake. Ukipenda watu wanaosimama na marafiki zao mpaka mwisho, Iliad itakupa hilo na itakuonyesha pia linavyoweza kumtoa mtu ubinadamu.

Upande wa Hector uaminifu una sura nyingine. Mkewe Andromache anamwomba abaki ukutani, mtoto wao analia akiogopa manyoya ya helmeti ya baba, Hector anacheka, anaivua, anambusu mtoto, halafu anarudi vitani kwasababu angeona aibu mbele ya watu wa Troy. Mwaminifu kwa mji, na mji wenyewe uko vitani kwasababu ya kosa la mdogo wake Paris. Nikisoma pale huwa sijui nimlaumu au nimheshimu.

Ila kuna kitu kinaunganisha tenzi hizi mbili na sijaona kikisemwa vya kutosha. Uaminifu mkubwa kwenye Homer karibu wote ulianzia kwenye kupokelewa. Patroclus alifika kwa Peleus, baba wa Achilles, akiwa mtoto aliyeua mwenzake kwa ugomvi wa mchezo wa kete, alikuwa anakimbia, Peleus akamfungulia na kumlea pamoja na mwanae. Phoenix, mzee anayemsihi Achilles kitabu cha 9, naye alikuja hivyohivyo akikimbia laana ya baba yake. Eumaeus kwenye Odyssey alizaliwa mtoto wa mfalme, akaibiwa na Wafoinike, akauzwa Ithaca, na mama yake Odysseus akamlea karibu sawa na binti yake. Hata upinde unaoua waposaji, kitabu cha 21 kinasema Odysseus alipewa na Iphitus kama zawadi ya urafiki wao, na Iphitus huyo baadae aliuliwa na Heracles akiwa mgeni nyumbani kwake. Yaani silaha inayowaadhibu wavunja ukarimu ni zawadi ya mgeni, kutoka kwa mtu aliyeuliwa kwa kuvunjwa ukarimu. Ukisoma tenzi hizi kwa jicho hilo zinaacha kuwa vita upande mmoja na safari upande mwingine.

Kwahiyo uanze na upi? Mimi nasema Odyssey, hata kama matukio yake ni ya baada ya vita na wengi watakwambia ufuate mpangilio wa miaka. Sababu yangu ni kitabu cha 24 cha Iliad. Mzee Priam anavuka usiku hadi kwenye kibanda cha Achilles, anashika magoti yake, anabusu mikono iliyoua wanawe, anamwambia mkumbuke baba yako. Wanalia wote wawili, kila mtu na maiti yake moyoni. Kisha Achilles anamwinua mzee, anamwambia akae, Priam anakataa kukaa wakati Hector amelala bila kuzikwa, na hapo hasira ya Achilles inatisha tena kidogo, anajihofia mwenyewe asije akamuua mgeni. Anatoka, anaamuru maiti ioshwe mbali ili baba asiione, anachinja kondoo, anagawa nyama kwa mkono wake, Priam anakula kwa mara ya kwanza tangu mwanae afe. Anatandikiwa barazani, na kabla ya kulala Achilles anamuuliza unahitaji siku ngapi za maziko, anapewa 11, vita irudi siku ya 12 kama lazima.

Sasa mtu ambaye hajasoma Odyssey ataona huruma pale na itamtosha. Lakini wewe uliyetoka kwa Telemachus, Menelaus na Eumaeus utaona kingine, utaona kiti, nyama, kitanda, hatua kwa hatua ni utaratibu uleule wa kumpokea mgeni, na anayeufuata ni mtu aliyemkatalia Lycaon vitabu vitatu nyuma, na anaufuata kwa baba wa mtu aliyemuua. Ndo maana kwangu hakuna tukio la ukarimu linaloishinda hiyo kwenye tenzi zote mbili, pamoja na Odyssey kuwa na matukio mengi zaidi.

Kuna watu nisingewashauri hivyo lakini. Kama umetoka kwenye msiba, au umepoteza rafiki wa karibu na unataka kitu ambacho hakitakudanganya kuhusu hasira, nenda Iliad moja kwa moja, ruka ile orodha ya meli bila kujisikia vibaya. Kama unasoma na watoto wakubwa au unasoma na mwenzio kwa sauti, Odyssey bila swali, hasa vitabu vya 9 hadi 12. Kama unafundisha na una vipindi vichache, chukua Odyssey kitabu cha 1, cha 9 na cha 14, kisha Iliad kitabu cha 6, cha 9 na cha 24. Hicho cha 9 cha Iliad nimekiweka kwasababu ya Ajax. Achilles amegoma kupigana, na Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, ametuma zawadi kibao ili arudi vitani, dhahabu, farasi, miji saba, Achilles kawapokea wajumbe vizuri sana, kawapa nyama na divai kali, halafu kakataa kila kitu, na Ajax, mmoja wa wajumbe, asiyejua kuongea sana, ndo anamfikia zaidi ya wote kwa kumwambia tu, iheshimu nyumba yako, tuko chini ya paa lako. Achilles habadilishi uamuzi wa kutopigana lakini anaacha kuongelea kuondoka.

Kuhusu tafsiri, ukisoma Kiingereza Emily Wilson ametoa Odyssey mwaka 2017 na Iliad 2023, lugha yake ni nyepesi na ya haraka, na kwenye wale wajakazi 12 anawaita watumwa waziwazi, jambo ambalo tafsiri nyingi za zamani zinalifunika. Robert Fagles ni mzito kidogo na ana sauti kubwa, mzuri ukimsikiliza kwenye audio, maana hizi ni kazi za sikio. Za bure kwenye intaneti utakutana zaidi na Samuel Butler wa miaka ya 1898 na 1900, ni nathari na inasomeka, ila anatumia majina ya Kirumi, kwahiyo ukiona Ulysses ni Odysseus, Jove ni Zeus, Minerva ni Athena, usidhani umefungua kitabu kingine.